Kopa Tano Juu ya Shupaza Nne

Nani aliyeamua kwamba kopa ishinde shupaza? Tangu nitoke kwenye ile meza swali hili halinipi nafasi hata ya kunywa chai. Karata zenyewe hazina neno. Zinatoka kwenye paketi zikiwa sawasawa, kumi na tatu kwa kila rangi, kopa na uru, shupaza na pau, na hakuna rangi iliyozaliwa na taji kichwani. Kisha watu wanne wanakaa, wanashindana kwa maneno, na mwenye neno la mwisho ndiye anayetangaza turufu. Kuanzia hapo ile mbili yake nyonge inamla mfalme wa rangi nyingine, na mfalme hana pa kushtaki. Nilikuwa nikiamini kwamba utawala ni kuwa na nguvu. Pale mezani niliona kwamba utawala ni kutaja. Mwenye nguvu ambaye hakutaja ana karata tu mkononi, na karata ni makaratasi.

Mji wenyewe hauna jina. Ulikuwa nalo, lakini ulilitoa zamani, majina yalipoanza kupungua, akapewa mtoto mmoja wa kike ambaye sasa ni bibi kizee, na hata leo akiitwa, watu wote hugeuka. Jua la mji huo limesimama saa nne ya asubuhi. Halipandi wala halishuki. Vivuli vimelala mahali pamoja kwa muda mrefu hata watu wamevizungushia ua, na mwenye kivuli kizuri hukirithisha watoto wake. Kwa hiyo usiniulize mambo haya yalitokea lini. Yalitokea saa nne, kama mambo yote.

Majina yalipokwisha ikatungwa sheria. Hakuna kubuni jina jipya. Jina la kubuni halishiki. Mtoto akiitwa haitiki, na mtoto asiyeitika anabaki kuwa amefika nusu, macho yako wazi lakini hayaoni. Jina la kweli ni lile lililowahi kuitikiwa. Basi wenye wafu ndio wenye majina. Unalitunza jina la marehemu wako kwa kulitaja, unaishi nalo, mpaka atokee mzazi wa mtoto mchanga akalitaka. Hapo hamgombani wala hampelekani mahakamani. Mnaitwa Mezani, wawili kwa wawili, mnapewa karata.

Sisi tuliitwa kwa ajili ya jina la Asumini.

Asumini alikuwa binti yetu. Haya ya mtoto nayasema kama nilivyosimuliwa na mke wangu, na atakayeona nayasema kwa ubaridi anisubiri hadi mwisho ndipo anihukumu. Aliishi miaka minne. Alikuwa akilala na kandambili moja mguuni, ya kushoto, na ukimvua anaamka. Alikufa kwa homa ya siku tatu. Baada ya hapo, kwa miaka ishirini na sita, watu waliendelea kumwita mke wangu Mama Asumini na mimi Baba Asumini, na kila tulipoitwa hivyo, asema mke wangu, mtoto alipita kidogo chumbani. Wakilichukua jina, asingepita tena, na mke wangu asingekuwa mama wa mtu yeyote. Hilo ndilo tulilokwenda kulipigania.

Kwenye ukumbi wa kungojea palikuwa na benchi moja tu, kwa hiyo washindani wetu walikaa hapo hapo pamoja nasi. Walikuwa vijana, mtu na mkewe. Mtoto wao alikuwa amefungwa kwenye kanga, mapajani mwa mama yake.

"Shikamooni," alisema yule mwanamke.

"Marahaba, mwanangu," mke wangu aliitikia. "Mama nani?"

Mwanamke akatazama sakafu. "Bado, mama."

"Ana siku ngapi?"

"Themanini na moja. Tumeshakaa Mezani mara mbili, na mara mbili tumekosa. La leo likitupita, wanasema lipo jingine mwezi ujao, la mzee mmoja wa upande wa bondeni. Lakini mume wangu anaona mtoto anazidi kufifia."

Mke wangu aliinama akamtazama. Macho ya mtoto yalikuwa wazi na hayakushika kitu, si uso wake wala mwanga wa dirishani. Alimgusa unyayo kwa kidole kimoja.

"Ana miguu mizuri," alisema.

Mimi nilikasirika. Sikuona sababu ya kusifu miguu ya mtu aliyekuja kukunyang'anya. Niliwageuzia mgongo nikasoma sheria zilizobandikwa ukutani, na nilizisoma kama ninavyosoma mambo yote, mistari ya juu tu, kwa sababu ya chini najua itakavyosema. Wakitaja turufu wao na wakafaulu kula walichoahidi, jina linakuwa lao. Wakitaja wakashindwa, jina linabaki kwetu, na wao wanatoa mwaka mmoja wa maisha yao kwa kila mlo waliokosa. Tukitaja sisi, jina linabaki kwetu kwa vyovyote. Lakini tukishindwa, aliyetaja anatoa miaka.

"Baba Asumini," mke wangu aliniita, "hiyo miaka wanachukua ipi?"

"Ya mwisho, bila shaka."

"Una hakika? Ngoja nikamwulize yule dada wa mlangoni."

"Kaa. Utaonekana mgeni."

"Si sisi ni wageni?"

"Kaa, mama."

Akakaa. Miaka thelathini na miwili ya ndoa nilikuwa nikimmalizia sentensi zake, na aliniacha nizimalize, nikadhani ni kwa sababu nazimaliza vizuri. Usilolijua ni usiku wa giza, lakini mimi sikuwahi kukubali kwamba kuna nisilolijua, hasa juu ya mwanamke huyu. Tena miaka ya kutoa nilikuwa nayo tele. Kumi na moja nilikuwa mlinzi wa geti la kiwanda kilichokwisha fungwa. Wachukue hiyo, nilijiambia, watanipunguzia mzigo.

Meza ilitandikwa kitambaa cha kijani, na viti vyake vinne viliitwa kwa pande za dunia. Ukikaa, jina lako unaliacha mlangoni. Mimi nikawa Kusini. Mke wangu alikaa ng'ambo, akawa Kaskazini, kwa sababu pale wenza hawakai ubavu kwa ubavu. Hukaa wakitazamana, na washindani wao wako kati. Yule mwanamke kijana alikaa kushotoni kwangu akawa Magharibi. Mumewe alikaa kuliani akawa Mashariki, na kikapu cha mtoto kikawekwa chini karibu na mguu wake.

Kiti cha Kusini kilikuwa na joto. Nilihisi wote waliowahi kukaa pale wakinisogelea mgongoni, na mikono iliyoinua karata haikuwa yangu peke yangu. Kucha zake zilikuwa za mzee na ngozi yake ya kijana. Ng'ambo, Kaskazini alikuwa mke wangu, halafu akawa msichana wa miaka ishirini na miwili niliyemwona kwenye foleni ya mafuta ya taa, halafu mama yangu mzazi, halafu tena mke wangu. Sikushangaa. Ukimtazama mtu kwa muda mrefu ndivyo anavyofanya.

Msimamizi alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alizungumza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema maneno hayo hayo mara nyingi.

"Maneno mnayoruhusiwa ni haya. Namba, moja hadi saba. Rangi nne, au bila turufu. Napita. Dabo. Neno lingine lolote ni kosa."

"Na ukimya?" aliuliza Mashariki.

"Ukimya ni haki ya kila mtu. Lakini ukimya wa mwenzako si wako. Akikawia kusema, wewe usijue kwamba amekawia."

"Mtu hujitahidije asijue?" niliuliza.

"Hilo haliko kwenye sheria," alisema, akagawa karata.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Kila mmoja hutupa karata moja, zikitimia nne mwenye kubwa anazila, na huo ni mlo mmoja. Milo yote ni kumi na mitatu. Anayetaja moja ameahidi milo saba, kwa maana sita ya kwanza haitajwi, huchukuliwa kama pumzi ambayo kila mtu anayo. Anayetaja nne ameahidi kumi. Anayetaja tano ameahidi kumi na mmoja. Neno jipya sharti lizidi lililotangulia, na namba zikilingana shupaza huizidi kopa; watatu wakipita mfululizo, neno la mwisho ndilo turufu. Na mshindani akiona ahadi yako ni ya uongo husema dabo, na hapo kila mwaka wa kutoa unakuwa miwili.

Nilifungua karata zangu. Kopa zilikuwa sita, zikiongozwa na ree iliyo kubwa kuliko zote, mfalme na ghulamu. Nilikuwa na mfalme wa uru. Shupaza nilikuwa na moja tu, nne kavu. Pau zangu zilikuwa takataka.

"Kopa moja," nilisema.

"Shupaza moja," alisema Magharibi.

"Kopa tatu," alisema Kaskazini.

Nataka nieleze nilivyojisikia aliposema hivyo. Kwa maneno yale mawili aliniambia: kopa ninazo na mimi, si chini ya nne, usiogope. Sita zangu na nne zake ni kumi. Kati ya kopa kumi na tatu za dunia nzima, kumi zilikuwa mikononi mwetu, na watu wale wawili walikuwa na tatu za kugawana. Mimi sikuwa mtu wa kuambiwa maneno ya mapenzi wala wa kuyasema, na kwa umri wangu nilikuwa nimeshayasahau. Lakini aliposema kopa tatu nilitaka kuvuka meza nikamshike mkono. Nilimpenda mke wangu sana wakati ule, nalisema wazi.

"Shupaza tatu," alisema Mashariki, na sauti yake ilitetemeka kidogo.

"Kopa nne," nilisema bila kupumua.

Sasa hapa pana jambo ambalo watu waliopatana hawapendi kuambiwa. Kopa kumi ni nguvu mkitaja nyinyi. Wakitaja wenzenu, kopa hizo hizo hazina kazi. Mtakula moja, mkitupa ya pili, mmoja wao atakuwa amekwishiwa na rangi hiyo, ataikata kwa turufu yake ndogo na kopa zenu zitabaki mkononi kama nguo za harusi. Kadiri mnavyopatana katika rangi moja ndivyo mnavyokuwa uchi katika vita vya rangi nyingine. Ndiyo maana waliopatana husukumwa kutaja, na kutaja tena, na kutaja kupita uwezo wao, kwa hofu ya kukaa kimya na mapatano yao. Nimeona nyumba zikitawaliwa hivi. Nimeona na nchi. Watu wanaopendana mno huanza vita ambavyo watu wanaopendana kiasi wangeviacha vipite.

"Shupaza nne," alisema Magharibi. Hakutetemeka.

Ilikuwa zamu ya Kaskazini, naye hakusema.

Alitazama karata zake. Akazifunga, akazifungua. Alitazama chini upande wa kikapu, akarudi kwenye karata. Jua la saa nne lilikuwa limemkaa kwenye bega la kushoto. Mashariki alikohoa. Mtoto alikuwa kimya kama kawaida yake. Nilihesabu pumzi za mke wangu, zilikuwa kumi na tisa.

"Napita," alisema.

"Napita," alisema Mashariki upesi.

Ikawa zamu yangu, na nikipita na mimi mambo yanakwisha: wao wanacheza shupaza nne, wakila mara kumi Asumini ni wao.

Amekawia.

Usijue kwamba amekawia.

Najua. Pumzi kumi na tisa. Mtu asiye na la kusema hakawii pumzi kumi na tisa.

Ukimya wa mwenzako si wako.

Ni wa nani basi? Nimeusikiliza miaka thelathini na miwili. Nimelala kando yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Anataka kopa tano na anaogopa kuisema, kama anavyoogopa kila kitu, kama alivyoogopa kununua ile nyumba ya mtaa wa juu. Ananiachia mimi. Siku zote ananiachia mimi.

Na kama si hivyo?

Ni hivyo.

Kopa tano huwezi kula.

Najua siwezi. Nitakosa moja, labda mbili. Hiyo ndiyo maana yake. Utaahidi usichokiweza ili mwingine asitimize anachokiweza. Utatoa miaka miwili ya geti la kiwanda, utabaki na mtoto. Nani mzazi asingefanya?

Nani?

Nilikuwa na kiburi cha mtu anayejitoa mhanga, na hakuna kiburi kitamu kama hicho. Nilimtazama mke wangu machoni ili ajue kwamba nimemwelewa. Alitikisa kichwa kidogo sana. Hata hilo nililitafsiri. Niliona anasema, usijitese kwa ajili yangu.

"Kopa tano," nilisema.

Magharibi alishusha karata zake kidogo. Aliangalia kikapu, akaniangalia mimi kwa huzuni, si kwa chuki.

"Dabo," alisema.

Wengine wote wakapita. Kopa ikawa turufu, nami nikawa mtawala wa meza.

Magharibi alitupa ree ya pau. Sasa, desturi ya mchezo ule ni kwamba mwenza wa aliyetaja hachezi pambano. Karata ya kwanza ikishatupwa, analaza karata zake zote wazi mezani, rangi kwa rangi, anakunja mikono, na tangu hapo hana ruhusa ya kusema wala kuchagua. Mume ndiye anayenyoosha mkono na kuchukua karata za mke. Kaskazini alilaza kopa zake kwanza: bibi, kumi, saba, tano. Nne kamili, kama alivyoahidi. Alilaza pau, tatu ndogo. Alilaza uru, na juu yake palikuwa na ree. Mwisho, polepole, alilaza shupaza.

Mfalme. Ghulamu. Tisa.

Nilizitazama zile shupaza tatu, nikahesabu upya. Kaskazini hucheza baada ya Magharibi. Kila ambacho Magharibi angetupa katika shupaza, mke wangu alikuwa amekaa nyuma yake na kikubwa zaidi, akingoja. Shupaza mbili zingekuwa zake. Ree yake ya uru na mfalme wangu wa uru, mbili nyingine. Kopa moja. Milo mitano. Wale walioahidi kumi wangekula minane, wangekosa miwili, wangetoa miaka miwili na kwenda zao kulingoja jina la mzee wa bondeni. Jina lingebaki kwetu, na miaka yangu ingebaki kwangu. Sikutakiwa kufanya chochote. Nilitakiwa kusema napita.

Niliinua macho. Mke wangu alikuwa amekunja mikono.

Tulicheza. Pau tatu zilikwenda kwao moja baada ya moja, kisha ree ya shupaza. Zilizobaki nilizila mimi, na mla ni mla leo, lakini kila mlo ulikuwa mchungu. Nilikula mara tisa, nami nilikuwa nimeahidi kumi na moja.

"Mmekosa miwili," alisema Msimamizi. "Na dabo, ni minne. Kusini, weka mkono wako hapa kwenye kitambaa."

"Ya mwisho, sivyo?" nilimwuliza. "Mnachukua ile ya mwisho."

"Hapana, baba. Imeandikwa pale ukutani, mstari wa chini. Inachukuliwa iliyo juu, inayoguswa sana kwa kumbukumbu. Ndiyo inayotoka kwa urahisi."

Mke wangu alisimama. "Nitoe mimi. Au tugawane."

"Aliyetaja ndiye anayetoa, mama. Wewe umelaza karata."

"Basi mwachie hata mmoja. Mmoja tu, ule wa kandambili."

"Kaa, mama," alisema Msimamizi, na alikuwa mpole aliposema hivyo.

Niliweka mkono. Haikuuma. Nilihisi tu kama mtu anavuta uzi kwenye shati langu, uzi mrefu, na shati linabaki shati. Kisha akaniambia nimeshamaliza.

Nilijikagua, kama mtu anavyopapasa mifuko akitoka kwenye msongamano. Geti la kiwanda lilikuwapo, miaka yote kumi na moja. Foleni ya mafuta ya taa ilikuwapo. Harusi yetu ilikuwapo, na mvua ya mwaka uliofuata. Halafu nikamkumbuka mke wangu amekaa sakafuni, amevimba macho, ameshika kandambili ndogo ya mguu wa kushoto, na mimi nimesimama mlangoni nalia kwa nguvu sana. Sikuweza kukumbuka tulikuwa tunalia nini.

Mashariki alifunua karata zake bila kuombwa. Bibi wa pau alikuwa hapo, na nyingine zote zilikuwa vikaratasi vya chini.

"Sikuwa na kitu," alisema. "Niliposema shupaza tatu sikuwa na kitu, mzee wangu. Nilikuwa naogopa tu."

Nilimgeukia mke wangu. Sasa kusema kuliruhusiwa.

"Ulipokawia," nilimwuliza, "ulikuwa unafikiri nini?"

"Dabo," alisema. "Nilijua watakosa. Nilitaka kusema dabo, nikamwona mtoto wao pale chini. Nikasema moyoni, wakose tu, nisiwazidishie. Wana miaka michache, wale. Nikapita."

Basi kile kimya nilichokisoma kuwa vita kilikuwa huruma. Miaka thelathini na miwili, na sikukitambua hata nilipokisikia pumzi kumi na tisa mfululizo.

Msimamizi alinikabidhi kadi ndogo nyeupe. "Jina limebaki kwenu," alisema.

Nikasoma: Asumini. Nililijua. Watu huniita Baba Asumini, nimeitika jina hilo barabarani na sokoni. Lakini nilipolisukuma nyuma, kule ambako jina lazima likutane na uso, hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimeokoa mlango wa nyumba iliyokwisha bomolewa. Nilimpa mke wangu ile kadi kwa mikono miwili.

"Ni la nani?" nilimwuliza.

Akanyamaza. Nilimtazama anyamaze, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe sikujua kimya chake kinasema nini, wala sikujaribu kukisemea.

"Unataka tufanye nini?" nilimwuliza.

Aliizunguka meza. Alipita nyuma ya kiti changu, akasimama mbele ya yule mwanamke kijana, ambaye alikuwa amekwisha kumpakata mtoto na kujifunga kanga tayari kuondoka.

"Mchukulie mwanao jina," alisema. "Baba yake Asumini wangu ndiye aliyekuwa akiniitikia nikimtaja. Sasa nitamtaja kwa nani? Angalau awepo wa kuitika."

Mashariki alimtazama Msimamizi. "Inaruhusiwa? Kupeana hivi hivi, bila karata?"

Msimamizi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa cha meza. "Sheria haikatazi," alisema. "Hakuna aliyewahi kuuliza."

Yule mwanamke aliipokea ile kadi. Alimshika mke wangu kwenye kifundo cha mkono, akamwinamia mtoto, akaita kwa sauti ya chini. "Asumini."

Mtoto alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yanatafuta, na yakampata mama yake, kisha yakaenda dirishani kwenye lile jua. Akalia kilio cha mtoto wa kawaida mwenye njaa. Mashariki akakaa chini sakafuni karibu na kikapu kitupu, mkono kichwani, anacheka na kujifuta kamasi. "Mama Asumini," alimwita mkewe. "Mama Asumini, mnyonyeshe."

Mke wangu aligeuka pale alipoitwa, kwa mazoea. Kisha akafunika uso kwa ncha ya ushungi wake, mabega yakaanza kutikisika.

Nilimtazama kwa muda. Kwamba amefiwa nilikuwa naliona, tena msiba mkubwa, wa mtoto bila shaka, na haukuwa wa leo wala jana. Nilitafuta kitu cha kulia pamoja naye, nikapapasa kila mahali, sikukipata. Lakini mimi nimelelewa vizuri, najua mtu aliyefiwa hupewa nini. Nilivuta kiti changu hadi karibu yake. Sikujua tena nimwite nani, kwa hiyo sikumwita.

"Pole sana," nilimwambia. "Poleni na msiba."

Alishusha ushungi, akaniangalia mpaka akachoka.

"Tumeshapoa," alinijibu.